Nilivyomtembeza shemeji wa Dar, na chupa iliyotuaibisha

Shemeji yangu ana maringo na baa yake moja ya ufukweni huko Dar. Kila akipiga simu ni hadithi ile ile: unakunywa huku upepo wa bahari unakupuliza, ukitoka hatua chache uko Boma la Kale la enzi za Sultan Majid, mbele kidogo Kanisa la Azania Front. "Nyie Iringa mna nini zaidi ya baridi?" Nikamwambia njoo masika, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukiwa umeshamiri, ndipo tuongee.

Jirani mmoja anayejiita mzoefu wa wageni akanipa ushauri: anza na kilabu, mgeni akichangamka historia inaingia yenyewe. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikamsikiliza.

Saa nne asubuhi tuko Kalenga, kilabuni moja kwa moja. Ulanzi wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, haukwaruzi koo, na hapo ndipo watu wa Pwani wanapopotelea. Shemeji alidhani ni juisi. Lita ya kwanza, ya pili, ya tatu akasema ya kuagia. Tulipoingia makumbusho akasimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, akasikia jinsi Wajerumani walivyolibeba baada ya mwenyewe kujipiga risasi mwaka 1898, na kwamba lilirudi 1954 mikononi mwa Gavana Twining. Akaanza kulia kwa kwikwi, anampa mhudumu mkono wa pole kana kwamba msiba ni wa juzi. Wageni wengine wakatupisha, wakijua sisi ni wa ukoo.

Kumbe hiyo ilikuwa nafuu. Wakati wa kuondoka akataka wa kubeba. Nikajaza chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, maana gari ni la kukodi na sikutaka kumchafulia mtu viti. Mimi, mzaliwa wa hapa, niliyekua naona ulanzi ukichemka wenyewe ndani ya mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia! Jua linawaka, barabara inarusha, chupa iko mapajani kwa shemeji, inavimba taratibu kama chura. Halafu pwaaa! Dereva nusura atutie mtaroni. Shemeji, shati jeupe limelowa hadi kolani, mikono juu, anapiga kelele: "Wamerudi! Wajerumani wamerudi!"

Kuosha viti ilinitoka elfu kumi na kitu, na harufu haikutoka.

Kesho yake nikapindua ratiba. Chai nzito, kisha Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa. Alipolisikia jina akanyamaza kidogo. "Na nyie mna Boma?" Sikumjibu, nikamwacha aonje. Nilipomweleza kuwa Agosti 1891 watu wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski hapa Lugalo, akashtuka: anapita kambi ya Lugalo ya Dar karibu kila siku na hakuwahi kujiuliza jina limetoka wapi. Makaburi ya Wajerumani tuliyapita haraka, mvua ilikuwa inanyemelea.

Kalenga tukarudi, safari hii akiwa na macho makavu. Ulanzi nikanunua mwisho kabisa, mchana, umeshakuwa mkangafu, unauma kidogo. Dumu la lita tano, halijajazwa, mdomo nimeuziba kwa gunzi la mahindi. Bibi mwenye kilabu alinicheka: "Mwanangu, jana ulifunga na kifuniko?" Gunzi linapumua, gesi inatoka yenyewe. Njia nzima dumu likawa linafyonza meno kama mama mkwe, lakini halikupasuka.

Jioni tukapanda Gangilonga, jiwe linaloongea. Mji wote uko chini yako. Shemeji akalaza sikio juu ya jiwe muda mrefu hadi nikadhani amelala. Dumu tulilimalizia nyumbani, na dada alimpokea mumewe akiwa na shati safi.

Wiki iliyopita kapiga simu kutoka baa yake, mawimbi nayasikia nyuma yake. Anataka nimpakilie dumu kwenye basi la usiku, amewaahidi wenzake. Nimekataa. Basi zima la abiria, jamani?