Asar, matope, na barua ya wadi

Leo nina ofu. Nimefua, nimepika maharage, nimelala kidogo, sasa nimeamua niandike lile jambo ambalo nimekuwa nikiliahirisha tangu Juni 2022. Mnaonifuata siku nyingi mnajua niko Doha, kazi ya ulinzi, chumba tunalala sita, Wabongo wawili, Mkenya mmoja, Wanepali watatu. Mmoja wa hao Wanepali namwita Dai, maana yake kaka mkubwa. Kanizidi miaka minne tu, ila kwao mtu akikuzidi hata mwaka mmoja humtaji jina kavukavu, kwa hiyo yeye ni Dai na mimi ni Bhai, mdogo wake, na mpaka supavaiza ameshazoea.

Mwaka ule Kombe la Dunia lilikuwa linakuja Novemba, tukaambiwa anayetaka likizo aende mapema maana baadaye kusahau. Nikapiga hesabu ya tiketi ya Dar, nikaangalia ya Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, Dai akasema twende kwetu bwana, visa unalipia palepale uwanjani dola 30 unapewa siku 15. Nikaenda. Mama yangu Lushoto mpaka leo hajanisamehe, anasema mtoto gani anapata likizo anaenda kusalimia mama wa wenzie.

Kijiji kiko wilaya ya Gorkha, jina la kijiji naliacha. Kutoka Kathmandu barabara inafuata mto Trishuli, malori yamebanana, ukifika Mugling unashika njia ya Pokhara hadi Abu Khaireni kisha unakata kulia unaanza kupanda. Gorkha mjini tulibadilisha gari tukapanda jipu, watu kumi na nne ndani na mbuzi mmoja, halafu jipu likagoma kwenye matope tukamalizia kwa miguu saa mbili hivi. Nilitegemea kuona theluji, si ndio Himalaya? Wapi, ilikuwa mwezi wanaouita Asar, masika yao, mawingu siku nzima. Manaslu, mlima wa mita 8,163, niliuona asubuhi moja tu kwa kama dakika kumi nikiwa na mswaki mdomoni.

Kilichonishika ni mashamba, ngazi juu ya ngazi mpaka unaumwa shingo, na akina mama wamezama matopeni hadi magoti wanapandikiza mpunga huku wanaimba. Mimi Msambaa, milima naijua, na wazee wetu enzi za mkoloni waligoma kabisa kuchimbishwa matuta, sasa nikawa najiuliza hawa nani aliwalazimisha. Dai akacheka, akasema njaa.

Tarehe 15 ya Asar kuna siku ya kula mtindi na chiura, na chiura ukiiona tu unajua ni pepeta ile ile ya Tanga, mchele umepondwa ukawa bapa. Siku nyingine tulikula dhido. Hiyo sasa ni ugali, usibishane na mimi, ni ugali wa ulezi, tofauti wao wanaumeza bila kutafuna. Mama yake Dai, Aama, aliponiona namega tonge kama mwenyeji akawaita majirani waje kushuhudia.

Basi. Dai alikuwa na shughuli moja rasmi, kumwandikisha binti yake aliyezaliwa yeye akiwa Doha, na hilo linafanyika ofisi ya wadi, yaani kama kata kwetu. Nikamsindikiza. Nilidhani tutatumia siku nzima kama tunavyomfukuzia mtendaji kwetu, unaambiwa yupo kwenye kikao wilayani, kumbe yupo kwa mama ntilie. Tulitumia nusu saa! Chumba kimoja, mabenchi, kalenda ya mwaka 2079 (wao wametutangulia miaka kama 57, mimi nilijiona nimezeeka ghafla), na watu wamejipanga wanataka karatasi inaitwa sifaris. Sifaris ni ile barua ya utambulisho ya kwetu, ya mjumbe na mtendaji. Unataka uraia, unaanza na sifaris, ndipo unaenda kwa mkuu wa wilaya wao wanayemwita CDO. Kuuza kiwanja, sifaris. Kuthibitisha kwamba huyu ni mume wako, sifaris. Nikasema kumbe dunia nzima tunatawaliwa na muhuri.

Jioni tulikaa chautari. Hicho ni kijiwe chao, jukwaa la mawe chini ya miti miwili mikubwa, limejengwa ili wenye mizigo wapumzike, lakini anayepumzika kweli ni siasa. Kuna mzee mmoja wa kofia ya rangirangi alinieleza, Dai akitafsiri, na nahisi Dai alikuwa anapunguza matusi. Mzee alisema hii ofisi usiione hivi. Walichagua viongozi wa vijiji mwaka 1997, vita vya Wamaoisti, waasi wa kikomunisti, vilikuwa vimeshaanza mwaka mmoja nyuma, na Gorkha ilikuwa miongoni mwa wilaya vilikoanzia. Muda wa wale viongozi ukaisha 2002 na hakuna aliyechaguliwa tena mpaka 2017. Miaka 15 kijiji hakina kiongozi hata mmoja wa kura, kila kitu kwa katibu aliyeletwa na serikali, naye kwa kuogopa vita akahamia mjini, kwa hiyo ukitaka sahihi yake unatembea siku nzima kwenda, unalala, unarudi. Halafu 2015 ikawa mwaka wa mambo yote, Aprili 25 tetemeko, kitovu Barpak, humohumo Gorkha, karibu watu 9,000 walikufa nchini, na Septemba katiba mpya. Katiba ikavunja mfumo wa zamani zikatoka halmashauri 753, na 460 kati yake ni za vijijini, wanaziita gaunpalika. Gorkha peke yake imepata 11. Wilaya ikabaki jina na kamati ya kuratibu, hela na madaraka vikashuka chini. Kaulimbiu yao ilikuwa Singha Durbar kila kijiji, Singha Durbar ni lile jumba la serikali Kathmandu, yaani kama sisi tungesema Magogoni imehamia kitongojini.

Na uchaguzi wa pili ulikuwa umepita tu, Mei 13, bendera zilikuwa bado zinaning'inia kwenye miti. Kura wanapiga kwa kugonga muhuri wa swastika kwenye picha ya mti au jua au nyundo na mundu (usishtuke, kwao hiyo ni alama ya baraka tangu enzi na enzi). Ahadi kubwa unajua ilikuwa nini? Nyani. Nyani wanamaliza mahindi, watu wameacha mashamba yakawa pori, kwa hiyo mgombea anasimama hadharani anaapa atapambana na nyani. Mzee alisema nyani wenyewe hawakuhudhuria mkutano.

Nikamuuliza Dai, wewe ulimpa nani? Akanyamaza. Aama ndiye akajibu, huyu hajawahi kupiga kura ya kijiji maisha yake. Alipofika umri hakukuwa na uchaguzi, ulipokuja yupo Doha. Mahakama ya Juu ya kwao iliamuru tangu 2018 kwamba walioko nje wawekewe utaratibu wa kupiga kura, na mpaka 2022 hakuna kilichofanyika. Sasa nenda hesabu pale kijijini wanaume wa umri wetu, nilihesabu saba, wawili wako likizo kama sisi.

Wanaoendesha mambo ni akina mama na wazee. Sheria inasaidia, kila wadi ina mwenyekiti na wajumbe wanne, wawili lazima wanawake, na mmoja wa hao wanawake lazima Dalit, wale wa tabaka linaloitwa la chini. Nilimwona mjumbe huyo wa Dalit ofisini, mama wa makamo, anasaini, anaheshimiwa, nikafurahi moyoni. Kesho yake akapita kwa Aama kuuliza habari ya posho ya wazee, maana serikali ilikuwa imetangaza umri unashuka kutoka 70 hadi 68, rupia 4,000 kwa mwezi, na Aama alikuwa na 68. Akakaa barazani. Mvua ikawa inampiga pembeni na bado hakuingia ndani, na Aama hakumkaribisha ndani, chai alinywea palepale nje, kikombe akakisuuza mwenyewe kabla ya kukirudisha. Mimi mgeni mweusi ti nimekaa jikoni karibu na moto. Dai aliangalia chini muda wote. Usiku nilimuuliza akasema Bhai, sheria inakataza hiyo kitu, na akageukia ukutani. Sikuuliza tena, na mpaka leo sijui ningesema nini, nilikuwa nakula chakula cha yule mama.

Sasa nifike kwenye barabara maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Toka chautari kwenda juu kulikuwa na njia ya mawe, ngazi zimepangwa na mababu, imenyooka, hata mvua ikinyesha hutelezi. Asar ni mwezi wa mwisho wa mwaka wao wa fedha, na hela isiyotumika inaleta maneno, kwa hiyo kila halmashauri inakimbizana kumaliza bajeti kwenye mvua. Wana jina kabisa, Asare bikas, maendeleo ya Asar. Lingine wanaliita maendeleo ya dozer, dozer ndiyo katapila. Linakodiwa, linapanda mlima, linakata ubavu, hamna mtaro, hamna ukuta wa kuzuia, udongo wote unasukumwa chini kwa jirani. Nchi nzima wanalalamikia hilo na maporomoko yake, na malalamiko mengine ni kwamba baadhi ya waliochaguliwa ndio haohao wenye makatapila. Hapo kijijini sikusikia mtu akisema hivyo kwa sauti, narudia, kwa sauti.

Katapila lilipita juu ya njia ya mawe, likashuka kwenye shamba la Aama, ngazi mbili za mpunga zikaenda, ya tatu imefunikwa kifusi. Fidia hakuna. Mimi damu ikachemka, nikasema si kuna kamati ya haki? Maana mzee alishanieleza, kila halmashauri ina kamati ya watu watatu inayoongozwa na makamu mwenyekiti, na makamu wengi ni wanawake, migogoro ya mipaka, maji, mashamba, wanasikiliza hukohuko bila kwenda mahakamani wilayani. Nikamwambia Dai mpeleke Aama, akatoe madai yake.

Aama alicheka mpaka akakaa. Akasema nimshitaki nani? Aliyesimamia barabara ni mtoto wa dada yangu. Mwenye shamba la juu aliyetaka ipite huku ndiye alinibeba mgongoni siku ya tetemeko. Zamani serikali ilipokuwa mbali tuliitukana vizuri tu, sasa kila nikitaka kutukana natukana ukoo.

Halafu akamwangalia mwanawe akasema na wewe ulitoa ngapi?

Hapo ndipo nikajua. Kuna kundi la WhatsApp la vijana wa kijiji walioko Qatar, Malaysia, Dubai, Saudia. Walichanga. Fedha ya halmashauri ilitaka na mchango wa wananchi, na wananchi wenye hela wako Ghuba, Dai alituma mshahara wa nusu mwezi, na nakumbuka kabisa mwezi ule alinikopa mimi hela ya vocha. Alitaka Aama akiumwa gari limfikie mlangoni. Kwenye picha waliyotumiwa mlima ulionekana una mstari mwekundu mzuri unapanda, wakapigiana makofi humo kwenye kundi.

Na Aama hakuichukia barabara, ndicho kilichonichanganya. Alisema gesi sasa inafika, mwaka juzi jirani alijifungulia njiani kwenye kikapu akibebwa. Alichotaka ni mawe yake. Yale mawe ya ngazi, wangeyatoa kwanza wayaweke pembeni, baba mkwe wake alikuwa mmoja wa walioyapanga. Hakuna aliyemuuliza. Kilifanyika kikao cha kitongoji kupanga miradi, wanapaswa kukaa kila mwaka, yeye alikuwa kwenye zamu ya kupandikiza mpunga wa mwenzie, na mpunga hausubiri agenda.

Tulirudi Doha tarehe nne Julai. Binti ana cheti. Dai hakuongea habari ya shamba tena, mimi nikaacha.

Mwezi wa nane akaniamsha saa tisa usiku kunionyesha video. Barabara imekatika palepale juu ya shamba la Aama, kipande kizima kimeondoka na mvua, na pale udongo ulipoondoka ngazi sita saba za mawe zimetokea, safi, zimeoshwa. Akina mama wanapanda nazo taratibu na makapu yao ya doko, kamba kwenye paji la uso. Anayerekodi anasikika anacheka. Chini kwenye kundi mtoto wa dada yake Aama kaandika kwamba katapila litarudi maji yakipungua, tuchange.

Dai akaitazama mara tatu, akatuma.