Saa ya Kugema

Juma lililopita, tulipokwenda Rabai, mwanangu alipitisha vidole katika vidato vya mnazi wa babu akaniuliza ni nani aliyeujeruhi mti ule. Swali lake lilinirudisha kwenye alasiri ambayo mnunuzi wa ardhi alitujia kutoka Mombasa.

Wageni hatukuanza kuwapokea siku ile, kwani wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha misheni yao Rabai mwaka 1846. Mnunuzi huyu aliacha gari lake barabarani, akapewa kiti uani, ambako nyanya alikuwa akishona makuti, akaanza kueleza jinsi mji unavyopanua mipaka yake kuelekea kwetu. Alipotaja bei, babu alitazama jua, akasema kwa upole, "Niwie radhi, mwanangu, saa ya kugema imefika." Akajifunga kibuyu kiunoni, akatia kotama, kisu cha kugemea, mkononi, akapanda.

Tulimtazama akitia unyayo katika kidato kimoja baada ya kingine hadi akafika kileleni, na huko juu hakuharakisha hata kidogo. Alimimina tembo lililotona tangu asubuhi, kisha akachonga ncha ya karara, kifuko cha maua ya mnazi. Kipande chembamba, kibichi, kilichololoa utomvu, kikaanguka karibu na kiatu cha mgeni. Kazi ile haivumilii kuahirishwa, kwa maana karara lisipochongwa kwa wakati wake jeraha hufunga na tembo hukatika, na likichongwa kwa pupa huisha kabla ya siku zake. Aliposhuka alikuta nyuki wawili wamezama katika povu, akawatoa mmoja mmoja kwa ncha ya jani, akawaweka juani wakauke mabawa, ndipo akammiminia mgeni. Yule bwana akanywa, akasifu utamu wake, na bei haikutajwa tena.

Tembo kama lile ndilo linaloumua unga wa mahamri mjini, na makuti ya akina nyanya yameezeka mabanda mengi ya pwani. Kaya za Rabai, yaani misitu mitakatifu ya wazee wetu, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, jambo ninalolifurahia kwa dhati. Lakini heshima hiyo ni ya msitu wa kaya, na mnazi ulio nje yake hulindwa na mwenyewe tu, kwa muda anaoweza.

Babu alipofariki, ami zangu waliuza sehemu ya bondeni ili kulipa karo yetu. Wao wanashikilia kwamba mzee hakukataa kuuza, bali alikwenda kugema kwa kuwa saa ilikuwa imefika. Nyanya, hadi mwisho wa maisha yake, alisema kwamba kule kupanda ndiko kulikokuwa jibu. Nimesoma kwa fedha za shamba lile, na kila nikiyapima maneno yao naona pande zote mbili zina haki.