Picha za zamani za watangazaji wa kriketi kwenye kuta za chokaa, Lamu

Chumba nilichopamba kwa picha za watangazaji wa kriketi kipo Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene za tumbawe na chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunyonya maji wakati wa masika, kisha huyatoa polepole pamoja na chumvi. Kwa hiyo picha halisi za zamani sizitundiki. Hukaa kwenye sanduku kavu, ukutani inapanda nakala.

Uchaguzi kwanza. Picha inayosomeka vizuri kutoka mita tatu huwa na uso mmoja na kifaa kimoja kikubwa. Ile maikrofoni ya BBC inayoshikwa mkononi na kugusa mdomo wa juu huficha nusu ya uso. Ukiikuza sana unabaki na ngumi na chuma, basi iache ndogo. Kibanda cha Test Match Special, kipindi cha BBC cha kutangaza kriketi kilichoanza redioni mwaka 1957, kinafaa kwa upana: mtangazaji John Arlott au Brian Johnston kwenye maikrofoni, mwandika alama na daftari lake pembeni, nyaya zimezagaa mezani. Ninazozipenda zaidi ni za studio za Australia mwaka 1938. Mechi ilichezwa Uingereza, taarifa zikifika kwa simu za maandishi, mtangazaji akisimulia kana kwamba yupo uwanjani, na studioni kibao kiligongwa kwa penseli ili msikilizaji asikie gongo likipiga mpira. Penseli isipoonekana picha haina maana, kwa hiyo nakala isipungue sentimita 40 kwa 50.

Picha ya sentimita 20 kwa 25 niliipitisha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi. Ukiikuza mara mbili unabaki na nukta 300, na hizo zinatosha. Picha iliyokatwa gazetini imeundwa kwa vitone, na skana huchora mawimbi juu yake. Washa mpangilio wa kuondoa vitone kabla ya kuanza. Upande wa nyuma nao uskani, maana mihuri, tarehe na maelezo ya mhariri viko huko. Kununua picha hakukupi haki ya kutoa nakala za kuuza, hilo muulize mwenye hakimiliki. Picha za rangi za miaka ya 1970 nyingi zimegeuka nyekundu hata zilizokaa gizani, kwa hiyo rangi hurekebishwa kwenye kompyuta kwanza. Wino uwe wa chembe za rangi, kwani ule wa kuyeyuka majini hutambaa kwenye karatasi hewa ikiwa na unyevu.

Fremu nilitumia mvule, kwa sababu mchwa hauupendi. Picha isiguse kioo kamwe: unyevu ukiingia, uso wa karatasi hunata na hautoki tena bila kuchanika. Kadibodi mbili za milimita 1.5, zisizo na asidi, zikatwe dirisha na kuwekwa juu ya picha. Hapo unapata nafasi ya milimita 3. Karatasi hutanuka na kusinyaa, basi ishikwe sehemu mbili tu, juu, kwa vipande vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano. Ukiigundisha pande zote nne itajikunja katikati. Selotepu usiiguse, gundi yake huacha doa la manjano. Nyuma huja kadibodi, kisha plastiki ya poliesta, kisha plaiwudi ya milimita 3, na kingo zote huzibwa kwa utepe wa karatasi. Kazi ya kuziba ifanyike wakati wa kaskazi, Januari au Februari. Ukiziba mwezi Mei unafungia unyevu ndani, na ukungu utaota chini ya kioo.

Kutundika ndiko kwenye kazi. Plasta ya chokaa ni laini, na ukitoboa kwa drili inayogonga inabomoka kipande kizima. Zima kugonga, tumia keekee ya zege ya milimita 6, polepole, upite plasta hadi kwenye jiwe lenyewe, ndani sentimita 5. Vumbi litoe kwa bomba la baiskeli, la sivyo plagi, kile kishikio cha plastiki cha skrubu, itazunguka. Tundu likiwa pana, pigilia kipande cha mti mkavu badala ya plagi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au shaba; za kawaida huvuja kutu inayoshuka ukutani kama machozi. Penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na nakshi za plasta usitoboe kabisa, fundi wa kuzirudisha ni ghali kuliko picha zako zote.

Ukuta wenye unga mweupe wa chumvi, mara nyingi mita moja ya chini, uuache. Kwingine, gundisha vizibo vya milimita 10 kwenye pembe za chini za fremu, ili hewa ipite nyuma yake. Mshipi wa kuvulia unauzwa kila duka la Lamu na watu wanautumia, lakini hunyooka kidogo kidogo na fremu ikalala upande. Waya wa shaba uliosokotwa ni bora zaidi.

Urefu wa kawaida ni katikati ya picha kuwa sentimita 145 kutoka sakafuni. Wageni wa chumba hiki hukaa kwenye magodoro ya chini, kwa hiyo niliziteremsha hadi 120.