Tezi dume: kwa nini niliishia kwenye TURP (upasuaji wa kukwangua tezi)

Wakuu, tezi dume ilinitesa mpaka nikawa naogopa basi la mwendokasi, Kimara mpaka Posta mkojo unakubana halafu ukifika chooni unasimama weee linatoka tone tone. Dawa ya Tamsulosin ilisaidia mwanzoni baadae ikagoma, mkojo ukaziba kabisa nikawekwa mpira wa mkojo.

Daktari akapima PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) kwanza maana saratani nayo inaweza kuleta dalili hizohizo, kisha akanielezea njia za tiba. UroLift ni vipini vinavuta tezi pembeni, Rezum ni mvuke wa moto unaua nyama iliyozidi, raha ya zote mbili mara nyingi kumwaga mbegu hakuguswi, ila mvuke unachukua wiki kadhaa kuleta nafuu na uwezekano wa kurudia tiba ni mkubwa kuliko TURP. Kupasua tumbo ni kwa tezi kubwa sana, kama gramu 80 kwenda juu, yangu haikufika.

TURP wanapita njia ya mkojo hukohuko wanakwangua kwa umeme. Kasoro yake kwa wengi mbegu zinarudi kwenye kibofu, kileleni unafika ila hakitoki kitu, mi watoto wameshakua bwana.

Nikachomwa ganzi ya mgongo, baada ya hapo maji yanapitishwa kwenye mpira kuosha damu, mkojo unakuwa kama juisi ya rozela, usishtuke. Sasa hivi natoka Kimara hadi Posta bila presha.