Dar es Salaam hadi Mwanza: kilomita 850 za angani

Tiketi ilisomeka 07:00 hadi 08:30, yaani saa moja kamili asubuhi hadi saa mbili na nusu. Kwa safari za asubuhi na mchana, toa 6 kwenye namba ya tiketi upate saa yetu: 15:40 ni saa tisa na dakika arobaini. Hesabu hii ndogo imewaachisha wengi ndege.

Niliondoka Ubungo saa kumi na nusu alfajiri, nikashika Barabara ya Mandela hadi TAZARA, kisha Barabara ya Nyerere hadi kiwanja cha ndege. Alfajiri hiyo safari ni dakika 40 tu. Kukishapambazuka, malori ya bandarini na daladala hujaza njia, na muda huo huweza kuzidi mara mbili. Mwambie dereva mapema kuwa unakwenda Jengo la Pili, la safari za ndani. Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, ni la safari za nje.

Kutoka kiwanja hadi kiwanja, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 850. Basi linalopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hukanyaga zaidi ya 1,100. Ndege ya jeti ikishatulia angani huenda karibu kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo ukigawanya unapata saa moja na dakika chache. Mbona tiketi inasema saa moja na nusu? Kwa sababu inahesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Humo mna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda, na kupunguza mwendo kabla ya kutua. Siku hiyo tuliruka saa moja na dakika 12, tukagusa lami ya Mwanza saa mbili na dakika 22. Dakika 70 kamili. Ndege ya pangaboi huenda karibu kilomita 650 kwa saa, hivyo ongeza dakika 20 hivi.

Jambo la kuangalia zaidi kabla ya kulipa ni kama ndege inapitia mahali. Kupitia Kilimanjaro huongeza kilomita kama 70 tu, umbali wa dakika tano angani. Lakini kushuka, kuteremsha abiria, kupakia wengine na kupanda upya hukula karibu saa nzima. Nauli ya ndege inayopitia mahali ikiwa nafuu kidogo tu, mimi nachukua ya moja kwa moja.

Kaa dirisha la kulia: njia iliyonyooka hupita kusini kidogo mwa Ziwa Eyasi, na asubuhi isiyo na mawingu unaliona lilivyolala bondeni.

Mwanza ina tabia yake. Mawingu ya ngurumo ya Ziwa Victoria huumuka zaidi usiku hadi alfajiri, kwa hiyo ndege ya kwanza ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kukuta wingu zito na kuzungushwa angani kusubiri lisogee. Usipange kikao saa tatu kamili. Kiwanja chenyewe kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo ukitoka na joto la Dar utahisi ubaridi mlangoni.

Begi lilitoka baada ya dakika 20. Mjini ni kama kilomita 10, na saa tatu na robo nilikuwa nimeshafika.