Nilivyofanikiwa kufunga hesabu ya dhahabu kwenye utafiti wangu wa uchenjuaji

Swali la utafiti wangu lilikuwa fupi: katika dhahabu yote iliyomo kwenye mwamba huu, sianidi inaweza kutoa kiasi gani, na kinachobaki kinabaki kwa sababu gani? Mwamba wenyewe ulitoka kwenye mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi, una pairaiti na asenopairaiti kidogo, yaani madini ya chuma na salfa (asenopairaiti ina aseniki pia). Niliupokea ukiwa vipande virefu vya mviringo vya mashine ya kuchoronga, vimepasuliwa kati kwa msumeno: nusu ilibaki kwa wajiolojia kama kumbukumbu, nusu nikapewa mimi.

Majibu ya mwanzo yalikuja na jambo lisilowezekana. Chupa moja, kati ya zile nilizotia unga wa mwamba, maji, chokaa na sianidi, ilionyesha kutoa dhahabu zaidi ya ile iliyoingia, yaani urejeshaji umevuka asilimia 100. Chupa ya jirani yake, unga uleule, sianidi ileile, chokaa ileile, ikaishia chini kabisa. Nimeona watafiti wakikutana na hali hii wakatupa jibu lisilopendeza, wakarudia jaribio hadi namba zikakaa sawa, wakaendelea na safari. Mimi nilikataa, kwa sababu kama sijui ni dhahabu kiasi gani imeingia kwenye chupa, kila asilimia nitakayoiandika kwenye tasnifu ni ya kubuni. Nikasimamisha majaribio ya sianidi na kuuelekeza utafiti wangu kwenye sampuli.

Nilianza na kalamu na karatasi kabla ya kugusa mashine. Chukua punje ya dhahabu ya mviringo yenye kipenyo cha maikromita 100, sehemu ya kumi ya milimita. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, kwa hiyo punje hiyo ina takribani maikrogramu 10. Maabara nyingi huchoma gramu 30 za unga kwa kipimo kimoja. Punje hiyo moja ikiangukia humo, inapandisha jibu kwa gramu 0.34 kwa tani. Punje ya maikromita 200 inalipandisha kwa gramu 2.7 kwa tani. Sasa tuseme mwamba una gramu 3 kwa tani na dhahabu yake yote iko kwenye punje za maikromita 200: kila gramu 30 utakazochota zitabeba, kwa wastani, punje moja na kidogo tu. Karibu mara moja kati ya tatu utachota unga usio na punje hata moja, na maabara itakwambia mwamba wako ni mtupu. Mara nyingine utachota tatu kwa mpigo na utaona utajiri. Majibu yote mawili yamepimwa vizuri, na hakuna hata moja linalousema ukweli wa mwamba.

Mhandisi Mfaransa Pierre Gy ndiye aliyeliwekea jambo hili hesabu kamili, kuanzia miaka ya 1950. Kiini cha kanuni yake ni kwamba tofauti za majibu hukua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wa punje na hupungua kadiri uzito wa sampuli unavyoongezeka. Punje zikiwa kubwa maradufu, unahitaji sampuli yenye uzito mara nane ili ubaki na uhakika uleule. Ningependa kila mwanafunzi wa jiolojia na wa metalujia aikokotoe kanuni hii kwa mkono wake walau mara moja, kwa mwamba wake mwenyewe.

Mtu atasema, basi saga zaidi. Kwa madini mengi ushauri huo ni mzuri, ila dhahabu ina tabia yake. Kwatsi huvunjika na pairaiti huvunjika, lakini dhahabu ni laini, inabapa. Nilichekecha unga uliosagwa kwenye chekeche lenye matundu ya maikromita 106, nikatazama kilichobaki juu kwa darubini. Kulikuwa na vipande vichache vya kwatsi vyenye kingo kali, na katikati yake vibapa vya njano, vingine vimekunjika pembeni kama ukurasa wa daftari, vingine vina chembe za kwatsi zilizogandamizwa usoni. Nilipokigusa kimoja kwa ncha ya sindano kiliacha alama bila kupasuka. Vibapa hivyo vilikuwa vimepita kwenye kinu pamoja na mwamba wote, na vikatoka na uzito wao uleule.

Fundi mkuu wa tanuru, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana, alikuwa ameshaliona hilo kwa macho yake. Nilipomwomba achome tena sampuli zilizonisumbua, alinijibu, “Mwanangu, nikichoma tena nitakupa jibu la tatu. Niletee begi zima.” Kazi yake yeye ilikuwa safi. Unga huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano kidogo, kisha huyeyushwa kwenye joto la takribani nyuzi 1,000 hadi 1,100. Risasi hushuka chini ikiwa imekusanya dhahabu na fedha. Donge lake huwekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa au magnesia kinachofyonza risasi, hubaki kishanga kidogo, fedha huondolewa kwa tindikali ya nitriki, dhahabu inapimwa. Ni mbinu ya kale na bado naiamini. Haiwezi tu kupima punje ambayo haikuingia kwenye chungu.

Kwa hiyo nikamletea begi zima, kwa maana hii: kila kipimo cha kiwango cha mwamba kikaanza na kilo moja nzima. Kilo hiyo ilisagwa na kupitishwa kwenye chekeche la maikromita 106. Chote kilichobaki juu kilichomwa bila kubakiza hata chembe. Kilichopita chini kilikuwa na dhahabu ya punje ndogo tu, kwa hiyo vipimo viwili vya gramu 50 vilitosha. Jibu la mwisho ni wastani unaozingatia uzito wa kila sehemu. Faida yake kubwa, kuliko hata jibu lenyewe, ni kwamba unaona dhahabu imekaa wapi. Katika mwamba wangu sehemu ya juu ya chekeche ilikuwa na uzito mdogo sana, lakini ilishika sehemu kubwa ya dhahabu yote.

Kugawa unga nako nilikubadilisha. Kuchota kwa kijiko kutoka juu ya rundo kunapendelea upande mmoja, kwa sababu dhahabu ni nzito mara saba ya kwatsi na huzama kila rundo linapotikiswa. Nikahamia kwenye kigawanyio kinachozunguka, unga unadondoka polepole na kila kikombe kinapata haki yake kwa kila mzunguko. Katikati ya sampuli na sampuli nilisaga mchanga safi wa kwatsi ili kukikosha kinu, na mara kwa mara mchanga huo nao niliupeleka maabara kama sampuli ya kawaida, pamoja na unga wa kulinganishia wenye kiwango kinachojulikana. Mchanga ukirudi na dhahabu, ujue kinu kimebeba kitu kutoka kwenye sampuli iliyotangulia.

Ndipo nikarudi kwenye chupa. Chokaa kwanza hadi pH, kipimo cha tindikali na besi, ipande kufikia 10.5, kisha sianidi. pH ikikaribia 9 sehemu kubwa ya sianidi hugeuka gesi ya sumu, kwa hiyo mpangilio huu haujadiliwi. Kila chupa ilibeba kilo moja. Na kiwango cha kuanzia sikukichukua tena kwenye kipimo cha awali. Nilikikokotoa kutoka kwenye jaribio lenyewe: dhahabu iliyo kwenye maji, ukijumlisha dhahabu iliyo kwenye marudio (unga unaobaki baada ya sianidi), ugawanye kwa uzito wa unga. Usisahau maji uliyochota katikati ya jaribio kwa ajili ya vipimo. Kila mchoto umeondoka na dhahabu yake na lazima urudishwe kwenye hesabu. Kiwango hiki cha kukokotoa nilikilinganisha na kile cha chekeche. Vilipokaribiana chupa baada ya chupa, nilijua sasa naweza kuzungumza kuhusu sianidi.

Na kweli sianidi ilianza kueleweka. Tangu MacArthur na ndugu wawili wa familia ya Forrest walipoibuni njia hii Glasgow mwaka 1887, inajulikana kwamba hula dhahabu kwenye uso wa punje tu, ikihitaji oksijeni. Punje nene huchelewa. Chupa zilizokuwa zikiishia chini zilikuwa na dhahabu nene ambayo muda haukuitosha. Nikapitisha unga kwenye kikoleza cha mzunguko kabla ya sianidi, kile kinachotenganisha kwa uzito, dhahabu nene ikatoka mapema, na chupa pacha zikaanza kufanana.

Marudio bado yalikuwa na dhahabu, na kuyasaga zaidi hakukusaidia. Nikayaloweka kwenye tindikali ya nitriki ya moto inayovunja pairaiti na asenopairaiti, nikayaosha, nikarudisha sianidi. Sehemu kubwa ya kilichobaki ikatoka. Dhahabu hiyo imefungwa ndani ya salfaidi, yaani hiyo pairaiti na asenopairaiti, sianidi haiifikii hadi ganda lake livunjwe. Sasa nakusanya salfaidi kwa njia ya mapovu ili nilinganishe kuzioksidisha kwa bakteria na kuzichoma kwenye tanuru. Asenopairaiti ikichomwa hutoa oksidi ya aseniki, sumu ambayo lazima ikamatwe yote, kwa hiyo ninaanza na bakteria. Kila kundi la sampuli linaingia kwenye hatua hiyo likiwa limeshapita kwenye chekeche, kilo moja moja.