Kumbukumbu ya mradi: fonti ya Mfaa na kazi ya herufi A

Herufi kubwa zote zimeshachorwa, tarakimu zimefika nusu, na sasa kinachonikesha ni nafasi kati ya herufi na herufi. Fonti yenyewe naiita Mfaa, kwa jina la ile nguzo ya katikati ya mlango wa nakshi, pale mbao mbili zinapokutana. Ukipita Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, tazama milango: mara nyingi mfaa umebeba nakshi nzito, kutoka juu hadi chini. Ndipo nilipoanzia. Kila mhimili wa herufi zangu una mfereji katikati, na nakshi inakaa ndani ya mfereji huo tu. Kingo za nje nimeziacha tupu. Nakshi ikifika ukingoni, herufi haisomeki tena kutoka ng'ambo ya barabara, na fonti ya mapambo ni ya mabango, majalada na kadi za harusi. Lazima isomeke kwa mbali.

Kuhusu mfereji wenyewe. Patasi ikiingia kwenye mti kwa mshazari kutoka pande mbili, inaacha kuta mbili zinazokutana chini. Mwanga ukitoka kulia, ukuta wa kushoto unang'aa na wa kulia unaingia gizani. Basi kila mfereji nimeuchora kwa mistari miwili: mwembamba kushoto, mnene kulia. Kivuli cha herufi nzima nacho kinaangukia kushoto chini, kwa sababu herufi imeinuka na mfereji umezama. Watu wengi hawatalitambua hilo, lakini vivuli vyote viwili vikielekea upande mmoja, jicho linakataa.

Kivuli cha kushoto nilikipata kwa mzee mmoja aliyeandika mabango na matatu kwa brashi miaka mingi. Nilimuuliza kwa nini hakiweki kulia. "Mwanangu, tazama E, tazama K, tazama R. Upande wa kulia una mapengo tupu. Kushoto ni mstari mmoja, unapitisha brashi mara moja, umemaliza." Nimekiweka kivuli katika faili yake peke yake, ili anayetumia fonti aweze kukipa rangi tofauti na herufi.

Sasa A. Andika HARAKA HARAKA HAINA BARAKA kwa herufi kubwa, kisha hesabu: herufi 23, na 11 kati yake ni A. Chukua MALI YA ABDULLA, alama ambayo kila anayenunua leso Mtaa wa Biashara anaijua: herufi 13, A ni 4. Fonti nyingi za mapambo tunazopakua zimechorwa na watu wanaojaribia kazi yao kwa Kiingereza, na madoido wanayamwaga kwenye Q na R. Q kwetu haina kazi. A ndiyo inayofanya kazi mchana na usiku, na ikirembwa kupita kiasi, mstari mzima unapiga kelele. Kwa hiyo A yangu ina mfereji mtupu, bila ua wala mnyororo. Maua nimeyapa M, B na D, minyororo nimeipa K na N. Nakshi igawiwe kwa kadiri herufi inavyojirudia katika lugha yetu. Kwangu huo ndio moyo wa mradi huu.

Umbo la A nalo lilitaka kufikiriwa upya. A ya kawaida imetanua miguu. Ikifuata R au K, ambazo nazo zimenyoosha mguu mmoja mbele, miguu inagongana chini huku juu kumebaki wazi. Ikifuata W, Y au T, linafunguka pengo chini, na sentensi gani ya Kiswahili isiyokuwa na WA, YA wala KWA? Nimeichora A upya kwa miguu miwili iliyosimama wima na tao lenye ncha juu, kama kibla cha msikiti wa zamani. W nimeisimamisha pia, chini nikaiviringisha. Sasa WA zinakaa ubavu kwa ubavu bila kusukumana. K imerudisha mguu ndani kidogo. YA bado inanitesa, kwa kuwa Y ina shina moja tu na chini pande zote mbili ni tupu. Nimeipa kisigino kipana, naendelea kuitazama. A yenye miguu ya kutanuka sijaitupa, imo ndani kama umbo mbadala kwa anayeipenda.

NG' imepata umbo lake pia. Kwenye fonti nyingi kile kibainishi (') kinaachwa kinaelea na kukata NG'OMBE vipande viwili. Mimi nimekiegemeza juu ya bega la G, na programu inaweka umbo hilo yenyewe ukiandika herufi hizo tatu kwa mfuatano.

Upana nimejifunza kwenye leso. Jina la leso, yaani msemo wake, linakaa katika kisanduku kimoja juu ya pindo la chini. Likiwa refu herufi zinabanwa, likiwa fupi zinatanuliwa, na nafasi inajaa vilevile. Tangu 2016, OpenType, muundo wa faili za fonti, inaruhusu faili moja kubeba upana wote, kutoka mwembamba hadi mpana, na mtumiaji akavuta anapotaka. Ugumu ni kwamba ukiivuta herufi, mfereji nao unataka kunenepa. Nimeufunga unene wake, upana unaongezeka pembeni tu. Herufi O na D zimekubali. M, yenye mihimili mingi, bado inasongamana katika upana mwembamba, na huenda nikaipunguzia mfereji mmoja.

Ninatumia FontForge, programu ya bure ya kuchora fonti, na Mfaa itatoka kwa leseni huria ya SIL: mtu yeyote aitumie, aibadilishe, aisambaze, ila asiiuze peke yake. Nataka fundi wa mabango wa Kongowea aichukue bila kuniomba ruhusa. Kabla ya hapo kuna tarakimu. 1 na 7 ziko tayari. 8 ina matumbo mawili, na mfereji unapopinda pale kiunoni mistari yangu miwili inapishana. Ndiyo kazi ya wiki hii.